Namna ya Kuwaandaa na Kuwasaidia Walimu Watende Usawa Darasani: Mwongozo kwa Mwalimu Mkuu na Mwalimu wa Taaluma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, yaani shule yenye madarasa yaliyojaa, walimu wachache, na mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024. Mwalimu wa sekondari, au wa nchi jirani, naye hatakosa cha kuchukua. Dai lake ni moja: mwalimu hajifunzi usawa kwa kuhubiriwa kwenye semina ya siku mbili, bali kwa kuonyeshwa darasa lake mwenyewe, pole pole, na mtu ambaye hana nia ya kumfedhehesha.

Jambo hilo nililipata nikiwa nimekaa dawati la nyuma kabisa la darasa la tano, katika kipindi cha Hisabati, mada ikiwa ni sehemu. Mwalimu alikuwa kijana mwenye bidii. Alikuwa ameandaa vipande vya katoni kama zana, sauti yake ilisikika vizuri na ubao wake ulikuwa umepangika. Nilichora madawati yote kwenye karatasi, na kila alipouliza swali nikatia alama juu ya dawati la mtoto aliyeulizwa. Kengele ilipogongwa, alama karibu zote zilikuwa kwenye madawati machache ya mbele, upande wa dirishani. Madawati mawili ya upande wa ukutani, yaliyokaliwa na wasichana watupu, hayakuwa na alama hata moja kwa dakika zote 40. Nilipompa karatasi ile aliikodolea macho kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua nauliza darasa zima." Wala hakuwa anadanganya.

Kabla ya kuendelea, neno usawa lenyewe linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu walimu wengi hulielewa kuwa ni kumpa kila mtoto kitu kilekile. Mwalimu anayeandika sentensi ubaoni kwa herufi ndogo amewapa watoto wote ubao uleule, lakini mtoto mwenye ualbino aliyeketi safu ya tano, ambaye uoni wake ni hafifu, hakupewa somo. Usawa unaokusudiwa hapa ni kumpa kila mtoto kile kitakachomfikisha mahali ambapo wenzake wamefika, hata kama kitu hicho ni kiti cha mbele, dakika tatu za ziada, au sentensi moja kwa lugha ya nyumbani kwao.

Anza na madaftari uliyo nayo

Usiwaite walimu kwenye mafunzo kabla hujaijua shule yako. Kila shule ina kumbukumbu za kutosha. Tatizo ni kwamba huwa tunazijaza kwa ajili ya Afisa Elimu Kata au Mthibiti Ubora wa Shule, halafu tunazifungia kabatini. Chukua madaftari ya mahudhurio ya mwezi mmoja, madarasa mawili tu kwa kuanzia, na uyasome bila kujali wastani. Wastani huficha. Ukiambiwa kwamba mahudhurio ni mazuri, hujaambiwa ni nani asiyekuwepo.

Tafuta siku, kisha tafuta majina. Mahali penye gulio la kila wiki utaona safu ya siku hiyo ina sifuri nyingi kuliko nyingine, na ukiangalia majina utakuta ni yaleyale: wavulana wanaopeleka mifugo na wasichana wanaobaki nyumbani kulea wadogo zao mama akiwa sokoni. Msimu wa masika utaonyesha watoto wa ng'ambo ya mto. Pengine utaona msichana wa darasa la sita au la saba anayekosa siku tatu au nne kila mwezi kwa mpangilio usiobadilika, na hapo hutahitaji kumuuliza mtu yeyote sababu. Utahitaji kwenda kuangalia kama choo cha wasichana kina mlango, maji na mahali pa kubadilishia taulo.

Daftari la pili ambalo wachache hulisoma ni kitabu cha adhabu. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na kila tukio liandikwe. Mimi binafsi naona kiboko hakijawahi kumfundisha mtoto sehemu wala visawe, lakini hilo tuliweke kando. Hapa kitabu hicho kinatakiwa kwa sababu nyingine. Kama kinajazwa kwa uaminifu, kitakuonyesha kwamba wanaoadhibiwa kwa kuchelewa ni watoto wanaotoka kitongoji kimoja, kilicho mbali kuliko vyote. Mwalimu wa zamu anayesimama getini anaamini kwamba anakomesha uzembe, ilhali anachokiadhibu ni umbali. Kama kitabu hakijazwi, basi hilo nalo ni jibu, na ni la kwako kulishughulikia kabla ya kumfundisha mwalimu yeyote habari za usawa.

Mchoro wa darasa

Hiki ndicho kiini cha mwongozo, nami nitakieleza kwa urefu. Kinahitaji karatasi moja, kalamu, na mtu wa kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja.

Ombeni kwanza. Mwalimu anayetembelewa aambiwe siku iliyotangulia, na aelezwe wazi kwamba karatasi itakayochorwa ni mali yake, haitaingia kwenye jalada lake wala kwenye tathmini yake ya utendaji kazi. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, zoezi zima limekufa, kwa kuwa walimu watakuwa wanaigiza kila wanapokuona na kitabu mkononi. Ni vizuri zaidi mwalimu mkuu awe wa kwanza kuchorwa. Nimeona shule ambako mkuu alimwita mwalimu mgeni, aliyeripoti kazini wiki mbili tu zilizopita, akamwambia, "Madamu, kesho nina kipindi cha Uraia na Maadili darasa la nne, njoo unichore." Yule mwalimu aliingia akiwa na woga, akatoka na karatasi iliyoonyesha kwamba mkuu amemwita kiranja mara sita. Baada ya hapo hakuna aliyekataa kuchorwa.

Unapochora, weka kila dawati mahali pake na uandike idadi ya watoto waliokaa hapo, wasichana kwa alama moja na wavulana kwa nyingine. Kisha ufuatilie mambo matatu tu, kwa sababu mwenye kufuatilia kumi hafuatilii hata moja. La kwanza ni nani anaulizwa swali. La pili ni aina ya swali: swali la kukumbuka, kama vile "mji mkuu wa Tanzania ni upi?", liandikiwe k, na swali la kueleza au la kufikiri liandikiwe f. Hapa ndipo mara nyingi ubaguzi hujificha, kwa maana mwalimu aliyekwisha kuzoeshwa kugawa maswali sawa kati ya wasichana na wavulana aweza bado kuwapa wasichana "nini" na kuwaachia wavulana "kwa nini". La tatu ni nani anapewa kazi ya mikono: anayefuta ubao, anayefagia, anayetumwa maji, anayegawa madaftari, anayeshika kitabu pale ambapo watoto watano wanatumia nakala moja. Anayeshika kitabu ndiye anayesoma. Wanaochungulia pembeni huona maandishi kwa upande, na wengine hufika darasa la pili wakiwa wamezoea kusoma herufi zikiwa zimelala.

Kipindi kikiisha, kaeni mahali pasipo na watu wengine, mpe mwalimu karatasi, kisha ukae kimya. Usimwambie ulichokiona. Muulize, "Unaona nini hapo?" na usubiri. Mwalimu akijiona mwenyewe hahitaji hukumu, na akihukumiwa hataona. Mara nyingi atatoa sababu, na nyingi kati ya hizo zitakuwa za kweli: darasa lina watoto zaidi ya 80, wale wa nyuma hawanyooshi mikono, akimsubiri mmoja anachelewa kumaliza mada. Zikubali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe uliyekaa nyuma na kalamu hukubeba chochote kwa dakika hizo 40. Baada ya hapo mchague pamoja badiliko moja la wiki mbili, liwe dogo kiasi kwamba haliwezi kushindikana.

Badiliko ambalo nimeliona likifaulu mahali pengi ni vijiti vya majina. Kila mtoto anaandika jina lake kwenye kijiti au kipande cha katoni, vyote vinawekwa kwenye kopo, na mwalimu anauliza swali kwanza, anasubiri, ndipo anachomoa jina. Utaratibu huo una maana yake: jina likitangulia swali, watoto wengine wote wanapumzika. Kuhusu kusubiri, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na watoto waliokuwa kimya huanza kujibu. Mwalimu ahesabu moyoni hadi tano. Mwanzoni ukimya huo utamkera yeye kuliko watoto.

Mtoto aliyechomolewa jina akashindwa, asiachwe amesimama huku wenzake wakicheka. Aruhusiwe kumnong'oneza jirani na kurudi na jibu la wote wawili. Bila kanuni hii vijiti hugeuka kuwa chombo cha kutisha, na watoto wataanza kuvificha vijiti vyao. Nimeshawahi kukuta vinne chini ya dawati.

Kuendesha jumuiya ya ujifunzaji

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA na unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, unazitaka shule ziwe na jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu hukutana ndani ya shule yao kujadili ufundishaji. Katika shule nyingi vikao hivyo hugeuka kuwa kikao cha walimu kwa jina jingine: taarifa, michango ya msiba, ratiba ya mtihani wa kata, kisha watu wanatawanyika. Vilinde. Matangazo yapewe siku yake.

Kikao chenye kuzaa hakizidi saa moja na kina tatizo moja tu, lililotoka kwenye michoro. Mathalani, wiki hii tatizo ni kwamba watoto watatu wa darasa la pili hawasomi silabi. Mwalimu mmoja aandae kipindi, wengine wasaidie kukiandaa, kisha akifundishe huku wenzake wawili au watatu wakiwaangalia watoto wale watatu tu, siyo yeye. Waandike walichofanya watoto: waliangalia wapi, walishika kalamu lini, waliacha kufuatilia katika dakika ya ngapi. Mkikutana, mazungumzo yaanze na watoto hao. Tofauti inaonekana ndogo, lakini huondoa ile hali ya mwalimu kujiona yuko kizimbani, na mara nyingi hufichua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kama vile mtoto anayeitwa mvivu kumbe anaelekeza sikio moja kwa mwalimu kila mara.

Mtoto wa namna hiyo anahitaji mwalimu ajue mipaka yake. Mwalimu wa kawaida si mtaalamu wa kupima, na hapaswi kumbandika mtoto jina la ugonjwa. Anachoweza ni kuona dalili, kubadili anachoweza kubadili leo, na kumjulisha mzazi na mwalimu mkuu ili mtoto afikishwe kituo cha afya. Mwenye usikivu hafifu aketi mbele, sikio zuri likielekea kwa mwalimu, na mwalimu asizungumze akiwa ameupa ubao uso. Mwenye ualbino aketi karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha. Aruhusiwe kuinuka na kusogea ubaoni bila kuomba kila mara. Avae kofia pana na mikono mirefu anapotoka nje, na paredi ya asubuhi, ikiwa ni ndefu, asimamie kivulini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti. Kwa utaalamu zaidi, yaani nukta nundu, lugha ya alama, ulemavu wa akili, shule imwombe Afisa Elimu Kata iunganishwe na mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kimekuwa kikiwaandaa walimu wa aina hiyo kwa miaka mingi, na katika halmashauri nyingi yupo angalau mmoja aliyepita huko, pengine akifundisha shule isiyo na kitengo maalumu.

Lugha nayo inastahili kikao chake. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, na sisi tunaokitumia mchana kutwa tunasahau kwamba mtoto wa wafugaji wa Simanjiro au wa kijiji cha ndani huko Meatu huingia darasa la awali akiwa na maneno yake machache ya Kiswahili. Mwalimu asimwadhibu kwa kusema lugha ya nyumbani, wala asimvalishe kibao shingoni. Amruhusu ajibu kwa lugha aliyo nayo, mwenzake atafsiri, kisha mwalimu alirudie jibu kwa Kiswahili na mtoto alitamke. Mwalimu asiyeijua lugha ya mahali hapo ajifunze maneno ishirini ya kuanzia kutoka kwa watoto wenyewe, watafurahi kumsahihisha.

Mwanafunzi anayerudi

Tangu serikali iliporuhusu, mwezi Novemba 2021, wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi, waraka umefika shule zote. Kilichochelewa kufika ni maandalizi ya walimu. Msichana aliyejifungua hurudi na kukuta mwalimu anayemwita "mama fulani" mbele ya darasa, kwa utani tu, na baada ya wiki mbili hayupo tena. Kwa hiyo kabla hajaripoti, ateuliwe mwalimu mmoja wa kike wa kumpokea. Walimu wote wakubaliane kwamba ataitwa kwa jina lake la daftarini. Apangiwe namna ya kufidia mada zilizompita. Na ijulikane atafanya nini siku mtoto wake akiugua. Hayo yaandikwe kwenye karatasi moja na kuwekwa ofisini. Mvulana aliyerudi kutoka machimboni au kwenye uvuvi anahitaji mapokezi hayohayo, ila yeye hucheka wenzake wakimtania na watu hudhani hajali.

Kumsaidia mwalimu mwenyewe

Mwalimu aliyechoka hana usawa wa kugawa. Mkuu akitaka walimu wake wawajali watoto wa nyuma, aanze na ratiba. Kwa desturi mwalimu hodari hupewa darasa la saba kwa sababu ya mtihani wa taifa, na darasa la kwanza hupewa yule aliyekaribia kustaafu au yule ambaye hakuna darasa jingine linalomtaka. Matokeo yake ni kwamba mtoto asiye na kitabu wala msomaji nyumbani kwao anakutana na mwalimu dhaifu katika miaka ileile ambayo kusoma, kuandika na kuhesabu hujengwa, na akifika darasa la saba yule hodari anakuta pengo lisilozibika. Mbadilishe, angalau mwalimu mmoja kwa mwaka mmoja. Utapata upinzani, hasa kutoka kwa wazazi wa darasa la saba, nao wana haki ya kuelezwa sababu kwenye mkutano wa wazazi.

Mwalimu mpya apewe mlezi kwa muhula mzima, awe mwenzake na siyo mkuu, na wafundishe pamoja kipindi kimoja kila wiki. Asaidiwe kupata chumba cha kuishi kabla ya kuulizwa azimio la kazi. Mwalimu anayejitolea naye aingizwe kwenye jumuiya ya ujifunzaji, kwa maana mara nyingi ndiye anayefundisha madarasa ya chini. Aidha, walimu wasitumiwe kuwarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya michango. Elimumsingi imekuwa bila ada tangu Januari 2016, na mwalimu anayesoma majina ya wasiotoa fedha za uji asubuhi hawezi saa nne akawataka watoto haohao wamwamini. Kazi hiyo ni ya kamati ya shule, nayo ifanywe na watu wazima kwa watu wazima.

Katika wiki ya mwisho ya muhula, chora tena madarasa yaleyale uliyoyachora mwanzoni, kipindi kilekile na ikiwezekana mada inayofanana. Ziweke karatasi mbili mezani mbele ya mwalimu, ya zamani kushoto na mpya kulia, kisha mwachie ofisi kwa dakika tano. Yule kijana wa Hisabati, aliporudia, alikuwa na alama kwenye madawati yote isipokuwa moja. Akalinyooshea kidole hilo moja kabla sijalitaja, akaniambia majina ya watoto watatu waliokaa hapo.